Sauti Zilizolazwa Majivuni

Katika nyumba ya Restituta palikuwa na mahali pamoja tu ambapo kitu hakikuwahi kuharibika, napo ni darini, juu ya mafiga. Chumbani unyevu uliingia kila masika. Sebuleni mchwa walipanda ukutani kama watu wenye haki yao, na ghalani panya walizaana kuliko kuku. Lakini darini, penye moshi wa kila siku, mbegu za mahindi na maharage zilikaa msimu hata msimu zikiwa nzima. Mama mkwe wake alimfundisha kazi hiyo mwaka ule alioingia Maretadu akiwa bibi harusi: changanya mbegu na majivu yaliyochekechwa, tia chunguni, ziba mdomo kwa samadi mbichi ya ng'ombe, pandisha juu. Mwaka ukigeuka, shusha, kung'uta, anika juani, badilisha majivu, rudisha. Restituta aliishika kazi hiyo kama mtu anavyoishika sala.

Ndiyo maana mumewe alipofariki, vitu vyake vya thamani kuliko vyote alivipandisha huko.

Mumewe, Evarist, alikuwa mpiga picha. Kutoka Mbulu hadi miguuni pa mlima Hanang, alikuwa hakosi kwenye harusi, sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa, komunyo ya kwanza wala mazishi ya watu wazima. Alikwenda na kamera, akarudi na watu ndani yake. Zamani aliwahifadhi katika mikanda. Kamera zilipobadilika, akawahamishia kwenye diski, vile visanduku vyeusi vinavyoenea kiganjani, ambavyo ukivichomeka kwenye kompyuta hutoa picha na sauti.

Alikuwa na desturi mbili zilizowachekesha majirani. Kila sherehe aliinakili mara mbili: nakala moja ilikaa kabatini kwake, nyingine aliipeleka Balangdalalu kwa mdogo wake Akonaay, ikakaa huko huko. Tena, kila baada ya miezi kadhaa, alizichomeka diski zake zote moja baada ya nyingine, akafungua hapa na pale, akasikiliza. Huko alikuita kuwasalimia.

"Unawasalimia watu waliokwisha kula pilau wakaenda zao?" Restituta alimtania siku moja.

"Wasiposalimiwa wananuna," Evarist alijibu bila kuinua macho. "Na diski ikinuna, mama Ludovika, haibembelezwi."

Ludovika alikuwa binti yao wa kwanza, aliyeolewa Dodoma. Restituta alicheka, akaendelea kuchambua maharage. Hakuuliza zaidi na mumewe hakueleza zaidi, kwa kuwa kila mmoja alidhani muda upo. Kisha kiharusi kilimwangusha Evarist uani mchana kweupe. Alilala hospitali akiwatazama watu waliokuja kumwona, ulimi umefungwa, mpaka akaondoka. Mtu aliyetunza sauti za wilaya mbili alikwenda bila kuaga.

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa. Katika ukoo wao vitu vya marehemu hukusanywa vyote mahali pamoja, vikaonekana na kila jicho, ndipo huamuliwa kipi kigawiwe na kipi kibaki kwa mjane. Kitu kilichoachwa nje ni kana kwamba marehemu mwenyewe ameachwa nje. Akonaay alileta koti la kaka yake na redio aliyokuwa ameazima. Boksi la diski hakuleta.

"Shemeji, na lile boksi la Evarist?" Restituta aliuliza mbele ya watu.

"Lile libaki kwangu," alisema Akonaay. "Kaka aliniambia lisitoke."

"Alikuambia akiwa hai. Sasa mali ya marehemu haiwezi kulala nyumba mbili."

"Lakini alisisitiza, shemeji. Alisema hata yeye mwenyewe akija kulichukua, nimuulize kwanza sababu."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliangua kicheko. "Basi nenda kamuulize! Akonaay, kumbe unataka kurithi harusi za watu? Wewe umeme huna, utaziangalia kwa kibatari?"

Watu wote walicheka, na Akonaay akacheka nao, ila kicheko chake hakikufika machoni. Wiki iliyofuata alilileta boksi amelifunga kwa kamba ya katani, akalikabidhi. Restituta aliweka nakala ile kando ya mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba moyo wake ukatulia. Evarist alikuwa mzima ndani ya nyumba moja.

Masika iliyofuata mchwa waliingia kabatini wakazila albamu za karatasi, zikabaki jalada na vumbi. Restituta alipiga ukelele uliowafanya majirani wadhani kuna mwizi. Siku hiyo hiyo alichekecha majivu, akazifunga diski zote, za Maretadu na za Balangdalalu, katika vipande vya kanga safi, hizi za pili akizikaza kwa kamba ile ile ya katani, akazilaza ndani ya chungu kikubwa kuliko vyote, akamimina majivu mpaka shingoni, akaziba kwa samadi na kupandisha darini. Kila mwaka baada ya mavuno alizishusha pamoja na mbegu. Alizikung'uta kwenye kiganja, akazianika juani juu ya jamvi huku akifukuza kuku, akabadilisha majivu, akazirudisha. Kompyuta ilikuwa imekwenda kwa kijana wa ukoo aliyekuwa chuoni, hivyo hakuna aliyezichomeka tena. Lakini Restituta hakuona upungufu. Alijua zilipo.

Miaka ikapita hivyo, hadi alasiri moja ya Ijumaa mwanamke mgeni alipobisha uani. Alikuwa amevaa kitenge kilichofuliwa mpaka rangi ikachoka, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la njia kuu.

"Shikamoo, dada," Restituta alimwamkia, kwa kuwa mgeni alimzidi umri.

"Marahaba, mdogo wangu. Hapa ndipo kwa Evarist wa picha?"

"Ndipo. Ila mwenyewe hatunaye."

"Nimesikia njiani. Pole sana."

"Asante. Karibu ndani."

Mgeni aliitwa Kornelia, naye alitoka upande wa Hanang. Alikunywa uji kwanza na kuulizia mvua, mahindi, na kama maharage ya huku nayo yalishikwa na ugonjwa. Alipomaliza aliweka kikombe chini taratibu, akakitazama.

"Ile Desemba mlima ulipoporomosha tope," alisema, "mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Singida kwenye msiba wa dada yangu. Nikamwomba binti yangu Angela aje na mumewe wanilalie nyumba, kuku wasiibiwe."

Restituta aliacha alichokuwa akifanya.

"Niliporudi sikukuta nyumba, wala uwanja wa nyumba. Angela tulimpata, tukamzika. Mumewe tulimpata baadaye. Simu, albamu, sidii ya sendofu yake, vyote viko chini ya mawe." Kornelia alifuta magoti yake kama mtu anayefuta unga. "Sura yake ninayo. Nikifumba macho namwona. Ila sauti imetoka, mdogo wangu. Imetoka kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Juzi niliota ananisemesha, na nilipomsikiliza vizuri, alikuwa anaongea kwa sauti ya yule mtangazaji wa habari wa redioni."

Nje, kuku alikuwa akiita vifaranga.

"Mume wako ndiye aliyekuja kwenye sendofu. Angela alishika kipaza sauti akaniambia maneno mbele ya watu. Nimekuja kwa ajili ya hayo maneno. Sina haja ya picha hata moja. Nisikie tu, hata mara moja."

Restituta aliinuka. Hakuwa mtu wa majivuno, lakini wakati ule alihisi kana kwamba taabu yote ya miaka ile, moshi machoni na ngazi iliyokuwa ikimtisha, ilikuwa ikimsubiri mwanamke huyu.

"Yapo, mama Angela," alisema. "Kwangu hakijapotea kitu."

Kornelia alimshika mikono yote miwili.

Walikishusha chungu pamoja, mmoja juu ya ngazi, mwingine chini. Restituta alipobandua samadi na kuingiza mkono majivuni, akatoa kifurushi cha kwanza na kukifungua, kisanduku kilikuwa kimekaa vile vile, cheusi, kimya, hakina tundu la mdudu. Kornelia alikipuliza kwa upole.

"Umetunza kama mbegu," alisema kwa heshima kubwa.

"Ndivyo nilivyofundishwa."

Kesho yake asubuhi walipanda basi kwenda Haydom. Mwalimu Kissa, aliyefundisha kompyuta katika sekondari moja, alikuwa na chumba kidogo karibu na stendi ambamo siku za Jumamosi alitengeneza vifaa vya watu. Alikuwa mwenyeji wa Tukuyu, mchangamfu, mwenye kuzoeana na kila mtu tangu alipopangiwa kazi huku. Njia nzima Kornelia alivibeba vifurushi mapajani, akivifunika kwa pindo la kitenge kila dirisha lilipofunguliwa.

"Karibuni, mama zangu, shikamooni!" Kissa aliwapokea. Alifungua kanga, na majivu yakamwagika mezani. "He! Mmeniletea diski au viazi vya kuchoma?"

Hakuna aliyecheka. Kissa aliwatazama nyuso, akaacha utani pale pale. Aliisafisha ya kwanza kwa brashi laini, akachungulia mahali pa kuchomekea waya, akakunja uso. Aliichomeka. Kisanduku kiliguna, kikazunguka kidogo, kisha kikaanza kugonga kwa ndani, ka, ka, ka, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. Kissa akaizima haraka.

"Ndiyo wanaamka?" aliuliza Kornelia.

"Ngoja, mama. Ngoja kwanza."

Alijaribu ya pili, na nyingine, mpaka zikaisha. Baadhi ziligonga, baadhi hazikutoa hata mguno. Aliifungua moja mgongo kwa bisibisi ndogo, akawaonyesha kibao cha kijani ambacho vinyuzi vyake vya shaba vilikuwa vimeota ukungu wa rangi ya kijani iliyofifia.

"Mama, hizi zilikaa wapi?"

"Darini," alisema Restituta. "Juu ya moto, ndani ya majivu. Kila mwaka nilizianika juani."

"Ulizikung'uta?"

"Nilizikung'uta vizuri. Majivu yakigandamana yanaleta unyevu."

Kissa alifumba macho kidogo. Alipoongea, aliongea polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji. "Ndani ya hii kuna sahani inayozunguka, na kisindano kinachoelea juu yake bila kuigusa. Ukiikung'uta, kisindano kinaweza kuparuza. Joto la moto na la jua linachosha. Na majivu, mama, majivu yanavuta unyevu, na yakishalowa yanakula chuma. Mbegu inayapenda. Hii hapana." Kisha akauliza lile swali ambalo kwa mtu wa kazi yake lilikuwa la kawaida kabisa. "Marehemu hakuwa na nakala nyingine mahali pengine? Wapiga picha wazuri huwa wanaweka."

Restituta alinyoosha kidole kwenye kifurushi kilicho mezani, upande wa kushoto, kilichokuwa bado na kipande cha kamba ya katani.

"Ilikuwa Balangdalalu," alisema. "Niliirudisha nyumbani."

Restituta alisikia masikioni mwake sauti ya Akonaay siku ya matanga, *nimuulize kwanza sababu*, na sababu ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza ilikuwa imekaa sasa mezani kwa Mwalimu Kissa, imepakaa majivu.

"Tusikate tamaa," alisema Kissa. "Arusha kuna fundi mmoja, kazi yake ni hizi tu. Nitampelekea zote. Lakini mama Angela, nakuomba usiniwekee ahadi moyoni."

"Nimekusikia, mwalimu," Kornelia alijibu. Lakini alipokuwa akipanda basi la kurudi kwao, alimgeukia Restituta akauliza kama ile sauti ikipatikana inaweza kuwekwa kwenye simu ndogo ya vitufe, au itabidi atafute simu kubwa.

Mavuno yalifika, na Restituta hakupandisha kitu darini isipokuwa mbegu. Siku ambayo Kissa alimwita, alikwenda Haydom akiwa amefunga kitambaa kichwani kama anayekwenda hospitali kumwona mtu wake. Fundi alikuwa amejaribu kila njia. Sahani zilikuwa zimeparuzwa. Zile za Maretadu hazikutoa kitu. Moja ya zile za Balangdalalu ilitoa vipande vichache, vingi picha nusu zilizogeuka kijivu, na kipande kimoja cha video, kifupi kuliko muda wa kunywa funda la maji.

"Angela yumo?"

"Hayumo, mama. Nimetazama mara nyingi." Kissa alisita. "Lakini nadhani hiki ni chako."

Aliminya kitufe. Kioo kilikuwa cheusi, kamera ikiwa bado haijafunguliwa kifuniko. Palikuwa na kelele za watu na vyombo, kisha, karibu sana, kana kwamba amesimama nyuma ya kiti, sauti ya Evarist ikasema: "Sogeza taa kidogo, mama Ludovika. Hapo hapo."

Restituta alishika ukingo wa meza. Aliomba irudiwe, ikarudiwa. Aliomba tena. Kissa alikitia kipande kile katika simu ya Restituta akamfundisha pa kubonyeza, kisha akatoka nje kwa muda ili mama apate kulia bila kutazamwa.

Na alipokwisha kulia ndipo alipoona ukubwa wa jambo. Mwanamke mwingine alikuja kwake kuomba sauti ya maiti wake, na sauti iliyopatikana ilikuwa ya maiti wa Restituta.

"Nimpigie simu mama Angela nimweleze mimi?" Kissa aliuliza.

"Hapana. Msiba haupelekwi kwa simu wakati miguu ipo."

Alipitia Balangdalalu, kwa kuwa habari nzito haibebwi na mtu mmoja. Akonaay alikuwa zizini akikamua. Alimsikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa umesimama kwenye chuchu ya ng'ombe.

"Niliwaambia," alisema hatimaye. "Niliwaambia mkacheka. Wewe na wale wazee wako, na kibatari chenu."

"Ulituambia, shemeji."

"Mimi mwenyewe sikujua sababu! Ningejua ningepigana. Nilidhani kaka ananipa heshima tu, mdogo wake asiye na kitu, nami niwe na kitu chake." Akamalizia kukamua kwa hasira, maziwa yakipiga ndoo. Kisha akanawa mikono, akachukua fimbo yake na koti lile lile alilorudishiwa siku ya matanga. "Twende. Ila utasema wewe. Mimi nitakaa tu."

Kornelia aliishi sasa katika nyumba mpya, moja kati ya nyingi zilizofanana, walizojengewa waliopoteza zao. Mlima ulionekana kutoka mlangoni, na kovu la udongo mwekundu lilikuwa bado ubavuni mwake. Kiti cha Kornelia kilikuwa kimegeuzwa kuupa mlima mgongo. Alipomwona Restituta akija na mwanaume aliyeshika fimbo na asiyetabasamu, alijua. Hakungoja salamu ziishe.

"Haimo."

"Haimo, mama Angela. Nisamehe. Niliziweka pamoja, na niliziweka vibaya. Mume wangu alizitenganisha ili ikifa moja ibaki nyingine, nami nikazikutanisha zikafa zote. Ni mkono wangu."

Akonaay alitazama sakafu. Kornelia alivuta uzi uliochomoza kwenye kitenge chake.

"Hakuna kilichopona? Hata kidogo?"

Restituta angeweza kusema hakuna. Njia nzima kutoka Haydom alikuwa amelibeba neno hilo, na lilikuwa jepesi kuliko lile jingine. "Kimepona kimoja," alisema. "Sauti ya mume wangu."

"Ahaa." Kornelia aliachia uzi. "Kwa hiyo wewe umepata wako."

"Nimempata."

"Nisikilizishe."

Restituta alitoa simu, akabonyeza alivyofundishwa. *Sogeza taa kidogo, mama Ludovika. Hapo hapo.* Katika chumba kile kitupu Evarist alisikika kama mtu aliye chumba cha pili. Akonaay, ambaye hakuwa ameisikia, alifunika uso kwa kofia yake. Kornelia hakufunika uso. Alikuwa akimkazia macho Restituta, na macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Taa ulikuwa unashika wewe?"

"Sherehe za mbali, ndiyo. Tulikwenda pamoja."

"Sendofu ya Angela?"

"Niliishika mimi."

"Basi ulisimama karibu naye kuliko mimi! Mimi nilikuwa kule meza ya wazazi. Wewe ulikuwa mbele ya uso wake." Kornelia alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Achana na diski. Niambie wewe. Alisema nini?"

Restituta alifumba macho akaitafuta siku ile. Ilikuja vipande vipande kama zile picha za kijivu. Mkono wake ulikuwa ukiuma kwa kuinua taa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na kumbikumbi walitoka ardhini wakaujia mwanga, wakamjaa msichana usoni, kwenye nywele, kwenye kipaza sauti. Aliona maneno matamu ambayo binti yeyote angemwambia mama yake, maneno ambayo yeye mwenyewe alitamani Ludovika angeyasema. Yalikuwa tayari ulimini. Angeweza kumpa mwanamke huyu hapo hapo, naye angeyapokea kama mvua.

"Alisema 'Mama,'" Restituta alisema. "Kisha kumbikumbi mmoja akamwingia mdomoni. Akacheka. Kila alipojaribu kuanza upya, alicheka tena, na ukumbi wote ukacheka, akarudisha kipaza sauti akakaa. Hakumaliza, mama Angela."

"Hapana." Kornelia alitikisa kichwa. "Hapana, alinishukuru. Alisema, mama umenilea peke yako. Nakumbuka."

Restituta hakubisha. Angebisha kwa kitu gani? Kile ambacho kingeamua kati yao kilikuwa kimeliwa na majivu aliyoyachekecha kwa mkono wake.

Upepo ulitikisa bati. Kornelia aliuliza kwa sauti ndogo, "Alicheka vipi?"

"Sijui kuonyesha."

"Jaribu."

Restituta alijaribu. Kilichotoka kilikuwa kicheko chake mwenyewe, cha mwanamke wa Maretadu aliyechoka, na aibu ikamshika.

"Siyo hivyo," Kornelia alisema kwa ukali. "Yeye kilikuwa kinaanzia puani. Kinaanzia puani halafu..." Akainua kidevu, akavuta pumzi, na kabla hajajua anachofanya, kikamtoka: kifupi, cha kwikwi, kikipanda juu na kukatika ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango.

Restituta alikuwa amesimama tena katika ukumbi ule na taa mkononi.

"Ndicho hicho," alisema. "Mama Angela, ndicho hicho hasa!"

Kornelia alikuwa amejifunika mdomo. Alijaribu tena, na safari hii ulitoka mkoromo mkavu usiofanana na kitu. Akajaribu tena. Kisha akaacha.

"Siyo," alisema. "Nimekipoteza hicho nacho."

"Nakuapia, cha kwanza kilikuwa chenyewe. Nilikisikia kwa masikio yangu."

"Usinifariji, mama Ludovika." Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo havikuwa vimetiwa chai. "Umeshapoteza, yameisha. Usiongeze na kunidanganya."

Restituta alimtazama Akonaay apate shahidi, lakini Akonaay hakuwahi kumsikia Angela akicheka, wala hakukuwa na mtu mwingine chumbani.